Aurion ilimalizikaje? Kazi ya prodyuza ikitazamwa kutoka Lukafu

Tarehe 14 Aprili 2016 mchezo wa video Aurion: Legacy of the Kori-Odan uliingia sokoni kupitia Steam. Ulitoka Yaoundé, Kameruni, mikononi mwa studio iitwayo Kiro'o Games. Jina la studio limechotwa katika Kiswahili: "kiroho maono". Sisi tungeyapanga maneno hayo kinyume, maono ya kiroho, lakini kila jina hilo linapotokea kwenye skrini najihisi kama mtu aliyekuta kitenge cha mama yake kimeanikwa katika ua wa mji wa mbali.

Madiba Olivier, mwanzilishi, alikuwa na wazo la mchezo huu tangu mwaka 2003. Studio ilifungua milango Desemba 2013. Toka hapo hadi siku ya kuuza ni miezi 28. Wachezaji wakiusifu huuliza nani alichora na nani aliandika programu. Mimi, kwa kuwa kazi yangu hapa Lukafu ni uprodyuza wa timu ndogo ya michezo ya simu, nauliza jambo jingine: ndani ya miezi hiyo, nani alikuwa akisema "hiki hakiingii", na alikuwa akipiga hesabu gani?

Neno prodyuza huku Katanga tumelizoea katika muziki. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu. Lazima mtu aamue wimbo uanzie wapi, ukomee wapi, upi uende kiwandani na upi ubaki. Electronic Arts, kampuni aliyoianzisha Trip Hawkins mwaka 1982, ililichukua neno hilo kutoka kwenye filamu na santuri likahamia kwenye michezo ya video, na hata michezo yake ya mwanzo iliuzwa katika majalada yanayofanana na ya santuri. Kwa hiyo prodyuza wa mchezo anaweza asichore mstari wala kuandika programu. Anachopaswa kujua kila asubuhi ni nani anamsubiri nani. Mtunga sauti anasubiri tendo la upanga likamilike. Mchoraji wa upanga anasubiri mbunifu aamue urefu wake. Mbunifu anasubiri toleo la majaribio, na toleo haliwezi kutoka kwa sababu aliyeliandika jana yuko msibani. Huo mnyororo ndio kazi yangu.

Sasa tuje kwenye michoro, maana hapo ndipo Aurion ilipolipa gharama yake kubwa. Ni mchezo wa pande mbili (2D), wahusika wamechorwa kwa mkono, na moyo wake ni mapigano ya kasi. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mhusika mmoja ana vitendo 12: kusimama, kutembea, kukimbia, kuruka, mapigo manne tofauti, kujikinga, kuumia, kuanguka, kuinuka. Kila kitendo kikihitaji michoro 8, jumla ni michoro 96. Mchoraji hodari akitoa michoro 6 safi kwa siku, mhusika huyo mmoja anakula siku 16 za kazi. Maadui 20 wa namna hiyo ni siku 320, zaidi ya mwaka mzima wa mtu mmoja, na bado hatujagusa miji, misitu wala shujaa mwenyewe. Prodyuza akiiona hesabu hiyo haanzi kwa kutafuta wachoraji wengine. Anauliza ni maadui wangapi wanaweza kutumia mwili mmoja, wakatofautishwa kwa rangi, silaha na kimo.

Kiro'o walijiongezea mzigo kwa hiari. Shujaa wa mchezo, mwana wa mfalme Enzo Kori-Odan, hupigana kwa nguvu ya mababu, na mchezaji anaweza kuunganisha nguvu za namna mbalimbali azae nyingine. Nguvu 6 zikiruhusiwa kuungana mbilimbili zinazaa miungano 15; nguvu 8 zinazaa 28. Kuongeza nguvu mbili juu ya meza ya mbunifu ni sentensi moja, lakini kwa mchoraji na mjaribu ni kazi karibu mara mbili. Mahali hapa prodyuza mwoga angekata. Wao waliacha, na naamini walifanya sawa, kwa sababu hadithi nzima inasimama juu ya urithi wa mababu. Ukiondoa muungano wa nguvu, urithi unabaki kuwa maneno ya mhusika tu, mchezaji haugusi kwa vidole.

Walibana kwingine. Hadithi ya Enzo na mkewe Erine, walionyang'anywa ufalme wa Zama na shemeji, Ngarba, siku ya harusi na kutawazwa kwao, inasimuliwa kwa sehemu kubwa kwa sura za wahusika zilizotulia na visanduku vya maandishi. Mazungumzo hayo ni marefu. Mara kadhaa nimejikuta nabofya ili nirudi vitani, na hilo nalihesabu kuwa dosari. Lakini naelewa hesabu iliyolizaa: ukurasa wa mazungumzo mwandishi anaumaliza kwa siku moja, wakati onyesho lenye watu wanaotembea na kukumbatiana lingewameza wachoraji kwa wiki nyingi. Maandishi yana deni lake pia. Mchezo ulitoka kwa Kifaransa na Kiingereza, basi kila sentensi iliyobadilishwa dakika za mwisho ilibadilishwa mara mbili na kukaguliwa mara mbili. Ndiyo maana timu yenye nidhamu huweka siku ya kufunga maandishi kabla ya siku ya kufunga michoro, hata waandishi wanune.

Kuhusu watu: Yaoundé ya 2013 haikuwa na chuo cha kutengeneza michezo ya video. Studio ililazimika kuwafundisha watu wake yenyewe, hadi ikawa timu ya watu wapatao ishirini. Fred Brooks aliandika mwaka 1975, baada ya kusimamia programu kubwa za IBM, kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu inaonekana ukihesabu njia za mawasiliano. Watu 5 wana njia 10 kati yao. Watu 20 wana 190. Na pale ambapo mgeni anakuja bila kujua kazi, mwalimu wake ni yule yule mchoraji bora uliyemtegemea kwa zile siku 16. Ratiba isiyoandika saa za kufundisha ni ratiba ya uongo, na nimewahi kuandika ya aina hiyo.

Fedha ilipatikana kwa kuuza hisa kwa watu binafsi, kisha mwaka 2015 ikaja kampeni ya Kickstarter yenye lengo la yuro 40,000, na lengo likapitwa. Kickstarter huchukua asilimia 5, kabla ya gharama za malipo. Ukihesabu lengo hilo tu, zinabaki 38,000, na ukizigawa kwa watu ishirini kila mmoja anapata yuro 1,900. Huwezi kutengeneza mchezo wa miaka kwa kiasi hicho. Naisoma kampeni hiyo kama fedha ya kumalizia, na zaidi kama njia ya kupata wachezaji wanaousubiri mchezo wakiwa na majina na anwani. Kwetu njia hiyo ni finyu, maana Kickstarter haiwapokei waanzishaji walio Kameruni wala Kongo. Lazima uwe na mguu mmoja nje.

Halafu umeme. Timu ya Yaoundé ilifanya kazi katikati ya kukatika kwa umeme, na hapo ndipo nawaelewa kuliko mahali pengine pote. Tangu 1982 njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inaleta nguvu ya mto Kongo kwenye shaba na kobalti ya Katanga. Kobalti hiyo inaingia kwenye betri za simu ambazo michezo yetu inachezewa. Na sisi hapa Lukafu tunapanga kazi kwa delestaji, yaani mgao wa umeme.

Tupo watano, tunatengeneza kisolo cha kuchezea kwenye simu, ndugu wa bao la pwani, safu nne za mashimo na kete zake. Ukutani nina kalenda ya rangi mbili. Nyekundu ni kazi zinazodai umeme: kuunganisha toleo, kurekodi sauti, kutoa michoro ya mwisho. Kijani ni kazi za mwanga wa jua: kuchora kwa penseli, kusoma maandishi kwa sauti, kujaribu kanuni kwa kokoto kwenye mashimo tuliyochimba uani. Umeme ukirudi, anayefanya kazi ya kijani huacha mara moja akashika nyekundu. Tulifika hapo kwa maumivu. Usiku mmoja mwandishi wetu wa programu aliniambia, "Yaya, hii naimaliza leo." Umeme ulikatika saa nne, laptopu yake haikuwa na betri nzima, na kazi ya siku tisa iliyokuwa kwenye mashine hiyo pekee ikaharibika. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimepanga kazi ihifadhiwe kwa vipande vidogo. Sasa tunatumia Git, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambao huweka historia yote ya kazi ndani ya mashine ya kila mmoja, hata pasipo mtandao. Kila baada ya saa moja, kipande kinahifadhiwa. Mtandao ukipatikana, vyote vinatumwa.

Uamuzi mmoja wa Aurion bado unanisumbua: ilitoka kwa kompyuta za Windows. Kijana wa Yaoundé, kama wa mitaa ya Katuba au Ruashi huku Katanga, ana simu mkononi. Kompyuta yenye uwezo wa mchezo huo anaiona kwa mwenzake. Kibiashara walikuwa na sababu, wanunuzi wenye kadi za benki wako Ulaya na Marekani, na mapigano ya vifungo vingi hayahamii kirahisi kwenye kioo cha kugusa. Lakini jukwaa ni uamuzi wa siku ya kwanza, na mchezo wa mababu zetu ukawafikia wageni kabla ya wajukuu. Baadaye Kiro'o wenyewe waligeukia simu, wakatoa Le Responsable Mboa.

Hesabu hizo za Aurion ndizo nilizoziweka mezani mwezi uliopita, tulipofika kwenye kipengele cha watu wawili kucheza kisolo wakiwa mbalimbali kupitia mtandao. Kilikuwa kimemgharimu mwandishi wetu wiki tatu. Kwenye simu za bei nafuu na mtandao wa hapa, kete moja ilichukua sekunde sita kufika. Nilimwita pembeni kabla ya kikao, maana si vizuri mtu asikie mbele ya wenzake kwamba kazi yake inatolewa. Alinyamaza, kisha akauliza, "Yaya, tuifute?" Nikamwambia hapana, ibaki kwenye tawi lake la Git, na wawili wacheze kwa kupokezana simu moja, kama watu wanavyokaa pande mbili za ubao.

Alhamisi kitufe cha kucheza mtandaoni kilitoka kwenye menyu. Ijumaa tulipata umeme kwa saa tano, tukaanza kusahihisha sauti ya kete.