Kupima Ubora wa Kamera na Vinasa vya Ulinzi Katika Nchi ya Ukungu

Kinasa picha cha mtandao, ambacho mafundi wengi hukiita NVR tu, ni sanduku lenye diski linalopokea na kutunza picha za kamera kupitia waya wa mtandao. Kinatofautiana na DVR ya zamani kwa jinsi kazi inavyogawanywa. Kwenye DVR, kamera hutuma ishara mbichi kwa waya wa koaksia na sanduku ndilo linaloigeuza kuwa data. Kwenye NVR, kamera yenyewe ni kompyuta ndogo inayopiga picha, kuibana na kuituma ikiwa tayari, na sanduku hubaki na kazi ya kuihifadhi. Kamera ya kwanza ya aina hiyo kuingia sokoni ilikuwa Neteye 200 ya kampuni ya Axis ya Sweden, mwaka 1996. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kinasa kizuri hakiwezi kuponya picha iliyokifikia ikiwa mbovu. Ukaguzi wa mtambo huanzia kwenye lenzi, hufuata waya, na huishia kwenye sanduku. Dukani mambo huenda kinyume, kwa kuwa sanduku ndilo lenye maandishi makubwa.

Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, jirani na hifadhi ya Amani, ni mahali pazuri pa kupimia mitambo hii kwa sababu ni mahali pabaya kwa mitambo yenyewe. Eneo la Amani hupata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Ukungu hushuka jioni na huweza kukaa hadi asubuhi, unyevu huingia kila penye upenyo, radi hupiga vilimani, na umeme hukatika. Kamera iliyong'ara chini ya taa za duka la Kariakoo haijathibitisha lolote kuhusu saa tisa ya usiku kwenye lango la stoo ya chai au ghala la iliki. Ubora unaotafutwa hapa ni wa dakika hiyo mbaya.

Jambo la kwanza linalotajwa na muuzaji ni megapikseli, na ndilo linalopotosha wengi. Idadi ya pikseli haina maana mpaka ijulikane imetandazwa juu ya upana gani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitoa kipimo kinachofaa kukaririwa: pikseli 25 kwa kila mita ya upana zinatosha kugundua kwamba kuna mtu, 125 zinatosha kumtambua mtu anayefahamika tayari, na 250 zinahitajika ili mgeni kabisa aweze kutambulishwa kwa sura. Kamera ya megapikseli 4 huwa na pikseli 2,560 kwa upana, kwa hiyo inaweza kutambulisha mgeni pale tu ambapo upana unaoonekana hauzidi mita 10 hivi. Ikiwa na lenzi ya milimita 2.8, ambayo hufungua jicho kwa takriban nyuzi 100, upana huo hufikiwa umbali wa mita nne na kidogo tu. Kamera hiyohiyo ikiwa na lenzi ya milimita 6, yenye jicho la nyuzi 50 hivi, hufika mita 11. Ndiyo maana kamera moja pana juu ya paa, inayoonyesha uwanja mzima wa kiwanda, malori na mteremko wa chai hadi msituni, hupendeza kwenye simu ya mwenye mali na hushindwa kabisa siku ya wizi. Mpangaji mzuri hutenga kamera pana za kueleza kilichotokea na kamera finyu, zilizofungwa kwa kimo cha uso kwenye mlango na kwenye mzani, za kueleza nani alihusika. Anayesifia megapikseli 8 bila kuuliza upana wa lango bado hajaanza kazi.

Usiku ndipo tofauti ya bei inapojieleza. Kinachokusanya mwanga ni ukubwa wa kihisi na upana wa tundu la lenzi. Kihisi chenye alama 1/1.8 ni kikubwa kuliko cha 1/2.8, na tundu la F1.0 huingiza mwanga mara nne ya tundu la F2.0. Kamera dhaifu huficha udhaifu wake kwa kuacha tundu wazi muda mrefu kwa kila fremu na kulainisha chembechembe kwa programu. Matokeo yake ni picha angavu ya ukuta na ya gari lililoegeshwa, lakini anayetembea huacha mkia kama moshi na uso wake hauonekani. Picha ya usiku isiyo na mtu ndani yake haithibitishi chochote. Kipimo ni kumpitisha mtu langoni kwa mwendo wa kawaida, taa zikiwa zimezimwa, kisha kusimamisha rekodi na kutazama kama macho na pua vinaonekana.

Kamera nyingi hujimulikia kwa miali isiyoonekana, kwa kawaida ya nanomita 850, kutoka kwenye taa ndogo zinazozunguka lenzi. Lushoto mjini, usiku mkavu, mpango huo hufanya kazi vizuri. Penye ukungu mzito miali hugonga matone yaliyo karibu na lenzi na kurudi, na picha hugeuka pazia jeupe. Kuongeza nguvu ya taa huzidisha pazia. Dawa ni kutenganisha mwanga na jicho: taa ifungwe mita kadhaa pembeni au chini ya kamera, na zile za kamera zizimwe. Balbu ya kawaida ya LED juu ya mlango, pamoja na kamera yenye kihisi kizuri, mara nyingi hushinda kamera ya gharama inayojimulikia. Fundi anayependekeza balbu kabla ya kupendekeza kamera ghali zaidi anastahili kusikilizwa.

Taa hizohizo huvuta wadudu, na wadudu huvuta buibui, ambaye hutanda utando wake mbele ya lenzi na kukiamsha kinasa usiku kucha. Hakuna teknolojia ya kumzuia. Kuna ufagio na ratiba. Umbo la kamera nalo lina neno. Kuba la kioo huonekana nadhifu, lakini matone na vumbi juu ya kioo hicho hurudisha miali ndani. Kwa nje, kamera ya umbo la jicho lisilo na kuba ni salama zaidi. Alama ya IP66 inamaanisha kuwa vumbi haliingii na maji yanayopigwa kwa nguvu hayapenyi. IP67 inahusu kuzamishwa kwa muda kwenye kina cha mita moja. Hata hivyo alama hiyo inahusu mwili wa kamera, wala si kichwa cha waya kinachoning'inia nyuma yake. Kwenye mvua za Amani kichwa hicho ndicho hufa kwanza, kwa kutu ya kijani. Kikaguliwe kama kimefungwa kofia yake ya mpira na kuwekwa ndani ya kisanduku.

Mlango wa kupakilia malori una tatizo jingine: nje jua, ndani giza. Kamera isiyo na uwezo halisi wa kusawazisha mwanga humfanya kila anayeingia kuwa kivuli cheusi. Uwezo huo hutajwa kwa desibeli, na 120 ni kiwango cha kuridhisha. Neno "dijitali" likitangulia jina la uwezo huo, mara nyingi ni programu tu ya kung'arisha. Masafa ya umeme nayo yawekwe hezi 50 kulingana na gridi ya Tanzania, la sivyo taa za ndani zitaonekana zikipepesa.

Waya huonekana kidogo na huamua mengi. Mfumo wa PoE hupeleka data na umeme kwenye waya mmoja; kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye kila tundu la swichi, na umbali wa waya usizidi mita 100. Waya wa bei ya chini huwa ni alumini iliyopakwa shaba, wenye ukinzani mkubwa kwa takriban nusu zaidi. Kamera iliyo mwisho wa waya huo wa mita 80 hufanya kazi mchana, kisha hujizima taa zake zinapowaka usiku na kuhitaji umeme zaidi, na kamera husingiziwa. Kukwangua uzi mmoja kwa kisu kunatosha: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, bandia huonyesha weupe. Kati ya jengo na jengo, kwa mfano kutoka kiwandani hadi kituo cha kupimia majani, uzi wa fiba ni bora kwa sababu haupitishi radi. Penye waya wa shaba nje, kinga ya radi na waya wa ardhini ni sehemu ya mtambo, si nyongeza ya hiari.

Umeme wa akiba uhesabiwe, usikisiwe. Kinasa chenye kamera nane za PoE hula kama wati 65. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100, ikitumiwa nusu tu ili idumu, hukipa takriban saa nane hadi tisa: usiku mmoja kwa shida.

Kwenye kinasa chenyewe, idadi ya chaneli ni tangazo. Kinachopaswa kuulizwa ni jumla ya data kinayoweza kupokea kwa sekunde. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Nane hujaza 346, na diski ya terabaiti 4 huanza kujifuta baada ya siku 11 na ushee. Upungufu wa chai kavu hugunduliwa mwisho wa mwezi wakati wa kuhesabu mzigo, na siku 11 hazina msaada. Ubanaji wa H.265, uliotoka mwaka 2013, unaweza kupunguza data hadi karibu nusu ya ile ya ubanaji wa zamani wa H.264 kwa ubora uleule. Hapo siku 30 huhitaji terabaiti 5.2, yaani diski ya 6. Diski iwe ya ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, zilizotengenezwa kuandika mchana na usiku. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi hukubali kazi hiyo kwa muda, kisha huacha mapengo bila kutoa taarifa. Sanduku lisiwekwe chumba cha kuchambulia, kwa kuwa vumbi la chai huziba feni, wala mezani kwa mlinzi, kwa sababu mwizi mwenye akili huondoka nalo.

Vipengele vya "akili" vipimwe kwa ukali. Kugundua mwendo peke yake, palipo na majani ya migomba na ukungu unaotembea, huleta tahadhari nyingi kiasi kwamba ndani ya wiki hakuna anayezisoma. Kutofautisha binadamu na gari kuna thamani ya kweli. Utambuzi wa sura kwa kamera ya mita nne juu, usiku, ni wa kuuzia tu.

Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Kifaa kinacholazimisha neno jipya mwanzoni, na ambacho mtengenezaji wake bado anatoa masasisho, kina ubora usioonekana kwenye picha. Alama ya ONVIF, umoja ulioanzishwa mwaka 2008, humwezesha mwenye mali kuchanganya kamera na kinasa vya kampuni tofauti.

Rekodi huishia polisi au mahakamani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinazingatia jinsi data ilivyotunzwa na kama haijaguswa. Saa ya kinasa iwe GMT+3 na mabadiliko ya majira ya joto yazimwe. Daftari la mlinzi likiandika saa mbili usiku, rekodi isome 20:00. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo na watu hao wajulishwe, hivyo kibao cha kamera langoni si pambo. Fundi asilipwe fungu la mwisho kabla hajatoa, mbele ya mteja, dakika tano za usiku uliopita kwenye flashi, zikafunguka kwenye kompyuta nyingine zikiwa na tarehe na saa sahihi.