Helikesi haikimbii peke yake

Michoro mingi ya vitabu vya baiolojia huonyesha DNA ikinakiliwa kwa foleni: helikesi inatangulia ikitenganisha nyuzi mbili zilizosokotana, polimeresi inafuata nyuma ikijenga uzi mpya. Mchoro huo hueleweka haraka, lakini unaficha jambo zito kuliko yote katika kazi hii. Helikesi ikiachwa peke yake ni dhaifu, na mbio zake huzipata kwa huyo anayedhaniwa kuwa mfuasi.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa T7, kirusi kinachoshambulia bakteria Escherichia coli. Watafiti wanakipenda kwa sababu vifaa vyake vya kunakili ni vichache mno: helikesi yenye umbo la pete ya vipande sita, polimeresi, protini inayofunika uzi ulio wazi, na thioredoksini, ambayo kirusi hakiitengenezi bali hujitwalia kutoka kwa bakteria. Bila thioredoksini, polimeresi hiyo huishika DNA kidogo kisha huiachia. Ikiwa nayo, hujenga mamia ya nyukliotidi bila kubanduka. Vitu vichache namna hii vinaweza kutiwa kwenye neli ya majaribio kimoja kimoja, na mchango wa kila kimoja ukaonekana.

Ndivyo walivyofanya Smita Patel na wenzake huko New Jersey, Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 2005. Kwenye uzi mmoja usio na mwenzake, helikesi ya T7 ilitembea besi 130 kwa sekunde. Ilipokutana na DNA yenye nyuzi mbili, kasi ikashuka karibu mara kumi. Polimeresi nayo, ikiwa peke yake, ilishindwa kabisa kuusogeza uzi wa pili ili ipate nafasi ya kujenga. Zilipowekwa pamoja, nyuzi zilifunguka kwa jozi 114 kwa sekunde, karibu kama vile helikesi haina kizuizi chochote mbele yake.

Hapo ndipo palipohitaji akili. Huenda polimeresi huigusa helikesi na kulibadili umbo lake, au huenda kinachosaidia ni ile kazi yenyewe ya kujenga uzi. Basi wakajaribu helikesi iliyopungukiwa na mkia, sehemu ambayo hushikana na polimeresi. Kasi ilipanda vilevile. Kisha ikaonekana kwamba kasi ya ujenzi ikibadilika, kasi ya kufungua nayo hubadilika. Jibu likawa kazi, si mguso. Kwangu jaribio hilo la mkia ndilo lililobeba utafiti mzima; bila hilo, namba 114 ingebaki mshangao tu.

Kwa nini ujenzi usaidie ufunguzi? Kwenye panda, mahali nyuzi zinapoachana, jozi za besi hazijatulia. Joto la kawaida huzitikisa, zikaachia kidogo na kurudiana mara moja. Helikesi imeushika uzi mmoja tu, ule utakaonakiliwa kwa vipande, na kila inapotaka kupiga hatua hukuta jozi zimekwisha kurudiana. Fikiria kamba ya katani inayofumuliwa na watu wawili, kila mmoja na uzi wake: mmoja akiachia, nyuzi hujisokota tena. Polimeresi ndiyo inayoshika uzi wa pili. Besi ikijitokeza tu, huipa nyukliotidi mpya ya kuungana nayo, na besi iliyokwisha kupata mwenza mpya hairudi kwa wa zamani. Mwaka 2015 kundi hilohilo la Patel, likitumia besi bandia ambazo mng'ao wake hubadilika jozi inapoachana, lilionyesha kwamba vimeng'enya hivi viwili hukaa umbali wa nyukliotidi moja tu. Huo ni ukaribu wa kupasua jozi kwa pamoja.

Kwa Escherichia coli yenyewe habari ina sura nyingine kidogo. Mwaka 1996 maabara za Kenneth Marians na Charles McHenry zilionyesha kwamba helikesi yake, DnaB, husogea nyukliotidi 35 hivi kwa sekunde ikikosa kuunganishwa na polimeresi kwa protini iitwayo tau. Tau ikiwapo, panda hukaribia nyukliotidi 1,000 kwa sekunde. Hapa mguso una uzito, tofauti na T7. Sioni mgongano. Naona tau inahakikisha polimeresi haiachwi mbali, kwa sababu msaada wa ujenzi hauna maana usipofika kwenye panda penyewe.

Udhaifu wa helikesi una faida yake pia. Mwaka 2017 Stephen Kowalczykowski wa California, akishirikiana na Marians, alitazama mashine za kunakili DNA moja moja chini ya hadubini. Polimeresi zilisimama na kuanza tena bila mpango, na zilipokwama, helikesi iliendelea lakini kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 80 hivi. Ingeendelea na mbio zake, ingeacha nyuma uzi mrefu ulio wazi, rahisi kukatika.

Mashine ya T7 ina ndugu ndani ya mitokondria zetu: helikesi Twinkle na polimeresi gama. Mwaka 2004 watafiti nchini Uswidi walionyesha kwamba Twinkle pekee haifungui kipande kirefu, na polimeresi gama pekee hainakili DNA yenye nyuzi mbili. Pamoja zilitoa nyuzi za nyukliotidi 2,000 hivi. Ilipoongezwa protini ya kufunika uzi ulio wazi, zikafika 16,000 hivi, karibu duara zima la DNA ya mitokondria.

Mashine hiyo ya mitokondria huweza kukwamishwa na dawa. Waliotumia dawa za awali za VVU Afrika Mashariki wanaikumbuka stavudini: ganzi na maumivu ya miguu, mashavu yaliyobonyea. Ililenga kimeng'enya cha kirusi, lakini polimeresi gama nayo huipokea kama nyukliotidi halali, huipachika, na uzi hauwezi kurefuka tena. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Kwa kuwa Twinkle haiwezi kusonga mbali bila mwenzake, naamini dawa za aina hii zipimwe dhidi ya mashine nzima, kwenye DNA yenye nyuzi mbili, si dhidi ya polimeresi iliyopewa uzi ambao tayari umefunguliwa.