Joomla: jumla ya nani?

Wenzangu, hili jina tunalisoma bila kushituka. Joomla ni neno letu, jumla, wote pamoja, ila limeandikwa kwa namna ya Kiingereza. Mu 2005 watengenezaji waliachana na programu ya zamani, Mambo (hata pale sikio yetu inaamka, si ndiyo?), na Septemba ile wakatoa yao. Mimi ni mutu wa agronomia, si wa enformatiki. Lakini jina likiahidi wote, tuko na haki ya kuuliza kama kweli wote wanaingia.

Programu hiyo inasaidia mutu kuandika kurasa za intaneti bila kujua kodi. Kazi ndogo-ndogo zinafanywa na moduli: menyu, habari mpya, sanduku la kutafutia. Kila moduli inaandika kipande chake cha HTML, na pale njo ugonjwa unaanzia. HTML iko na sheria, zenye kupangwa miaka mingi na W3C, chama chenye Tim Berners-Lee alianzisha mu 1994: kichwa ni kichwa, orodha ni orodha, jedwali ni la hesabu. Lakini Joomla 1.0 ilikuwa inafungia moduli ndani ya jedwali kwa kupanga sura tu. Kwa mwenye macho, hakuna shida. Kipofu mwenye kusomewa kwa sauti, yeye anatangaziwa safu na mistari ya jedwali lisilo na maana.

Sifa lazima tuitoe. Joomla 1.5, Januari 2008, iliruhusu kubadilisha kodi yenye kutoka mu moduli bila kugusa programu yenyewe. Angie Radtke na Robert Deutz wakatumia mlango huo kutengeneza Beez, sura isiyo na majedwali ya bure. Kazi nzuri sana! Sasa mbona waliiacha pembeni, na majedwali yakabaki njia ya kawaida mupaka 1.6, mu 2011? Miaka tatu, dawa iko mu kabati.

Leo programu yenyewe imepona, Joomla 4 ya 2021 ilijali sana walemavu. Moduli za watu wa inje, hapana. Picha hazina maneno ya kuzieleza. Ukurasa wa Kiswahili unajitangaza kuwa wa Kiingereza, basi sauti inasoma Kiswahili chetu kama muzungu aliyefika jana, na kumbe kuandika «sw» fasi moja kungetosha. Na kodi ya bure inapakuliwa na mega zako, wewe wa Likasi mwenye kununua mega kidogo-kidogo.

Wataalamu wanajibu: navigateri inasamehe makosa. Ni kweli. Lakini haisamehei kipofu. Tena kupita ku mashini ya kukagua ya W3C hakutoshi, maana picha yenye maelezo «picha» inapita vizuri. Sisi wa mashamba tunajua hiyo: lebo ku mufuko wa mbegu ni kitu kimoja, kuweka mbegu 100 ku kitambaa chenye maji na kuhesabu zenye kuota ni kingine.

Kwa moduli, jaribio liko rahisi. Weka moduli moja mara mbili ku ukurasa mumoja, kisha angalia kodi. Ukiona id ileile mara mbili, bonyeza jina la sanduku la pili: mara nyingi utatupwa ku la kwanza. Moduli hiyo, usiiweke.