Tundu la Besi

Besi ya boksi la spika lenye tundu hutokana pia na hewa iliyomo ndani. Koni ya wufa, yaani spika ya besi, inaposukuma mbele, nyuma yake huzaliwa sauti ya pili iliyo kinyume, ambayo boksi lililozibwa huimeza bure. Tundu lililopimwa huigeuza sauti hiyo na kuitoa nje iandamane na ya mbele. Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipata hataza ya ubunifu huu mwaka 1932. Kwa Unguja, hewa yenye kusaidia mbao si jambo geni: dabalbesi ya taarab asilia ina tumbo na matundu yake, na waliolichonga hawakungoja hataza.

Hesabu kamili zilikuja baadaye, kwa Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small katika miaka ya 1970. Mambo yanayoamua sauti ya tundu ni matatu: ujazo wa boksi, upana wa tundu na urefu wa bomba lake. Boksi la lita 100 lenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 15 hutuniwa kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 33 hivi; bomba hilohilo likikatwa libaki sentimita 5, hupanda hadi karibu 44. Lita hizo ni za hewa tupu, baada ya kutoa nafasi ya sumaku, bomba na mbao za kukazia.

Uzuri wa kazi huonekana wakati wa kujaribu. Fundi hupiga sauti moja nene na kuishusha polepole, jicho likiwa kwenye koni. Koni hutetemeka kwa nguvu, kisha ikifika pale bomba lilipotuniwa hupoa, karibu isimame, huku kipande cha karatasi kilichoning'inizwa mbele ya tundu kikipepea. Hapo hewa ndiyo inayofanya kazi. Sauti ikishuka chini zaidi, koni hukosa cha kuizuia, hurukaruka ovyo na koili huweza kuharibika.

Boksi lenyewe hutaka plaiwudi nzito, milimita 18 au zaidi, na gundi isiyoacha mwanya, maana joto la unyevu la pwani hufungua viungo, na upepo unaovuja huiba besi. Bomba jembamba nalo hufoka hewa ikipita kwa nguvu.

Siku hizi mabomba hukatwa kwa kukisia, na tundu huwekwa kwa sababu boksi la jirani nalo lina tundu. Besi ikikosekana, dawa ni kuongeza sauti, mpaka kwenye harusi bati za nyumba zilie na maneno ya mwimbaji yasisikike. Kelele hiyo imeitwa muziki mnene, na wanaojua kupima wanazidi kukosa kazi. Mwenye kukodi spika na aulize boksi limetuniwa hezi ngapi. Fundi aliyelipima atajibu papo hapo.