Sifa ya Mtepe Mdogo

Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na wengi wetu tuliozaliwa pwani hatukuuona hata mmoja ukipita. Vilikuwa vyombo visivyojua msumari. Mbao zake zilitobolewa pembezoni, zikashonwa kwa kamba ya makumbi, na tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa majani. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Watu wa Vasco da Gama walipotia nanga Msumbiji mwaka 1498 waliandika kwamba wamekuta vyombo vikubwa vilivyofungwa kwa kamba badala ya misumari, na matanga ya mikeka. Karne nne baadaye Wabajuni na wenzao wa visiwa vya Lamu walikuwa bado wakiunda mitepe na kuipakia boriti za mikoko. Ilisifika kwa kuvuja, mabaharia wakikumba maji ya ngama safari nzima, lakini ilisifika pia kwa namna ilivyopanda ufukweni bila kupasuka, kwa kuwa mshono hunyumbuka pale msumari unapokatika. Leo kilichobaki ni michoro iliyokwaruzwa kwenye lipu za magofu, maandishi ya watu wachache, na mifano ya mbao ndani ya makabati ya vioo, kama ile ya Makumbusho ya Lamu.

Hiyo mifano ndiyo ninayotaka kuisifu, pamoja na mikono inayoendelea kuiunda. Chombo kikubwa kikioza, mfano wake mdogo hubaki na maarifa ambayo hakuna kitabu kilichoyabeba yote: kombo la ubao wa kwanza karibu na mkuku, nafasi kati ya tundu na tundu, mahali mlingoti uliposimama. Aliyeuchonga mfano huo zamani, labda baharia mzee aliyekaa kivulini baada ya kuacha safari, alikuwa anahifadhi chombo kizima ndani ya kitu kinachobebeka kwapani. Anayeketi leo kuunda mwingine anaipokea kazi hiyo kutoka mkononi mwake.

Ni kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja. Nasema hivi kwa yakini kwa sababu nimeketi mara nyingi na wenzangu barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya swala ya alasiri, tukiunda mfano wa mtepe, na nimeona jinsi maarifa ya mtepe yalivyogawanyika. Kila mtu ana kipande. Mwalimu wa hesabu aliyestaafu ana makaratasi. Ndiye aliyetuletea nakala ya makala ya Lydekker ya mwaka 1919 kuhusu mtepe wa visiwa vya Bajuni, na ile ya James Hornell ya 1941, na maandiko ya Prins, Mholanzi aliyechapisha kitabu chake kuhusu ubaharia wa Lamu mwaka 1965. Anayo hata tasnifu ya Robert Adams ya mwaka 1985, iliyouchambua mtepe kihandisi. Fundi saa ana kibano, lenzi, na keekee ndogo ya kushikwa kwa vidole, inayotoboa tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea magunia. Mzee mmoja kutoka Matondoni, aliyeunda majahazi ujanani, hana karatasi hata moja. Yeye ana jicho. Na yupo Bi Mkubwa, kama tunavyomwita wote kwa heshima, msusi wa mikeka, ambaye nitamrudia kwenye habari ya tanga.

Mwanzoni mwalimu na mzee walionekana kama watapingana milele. Mwalimu alitaka kila kipimo kitoke kwenye mchoro. Tulichagua kipimo cha 1:20, maana yake mita moja ya chombo cha kweli inakuwa sentimita 5 mezani, na yeye akakaa na rula akihesabu. Mzee akamwambia, "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri, lakini ubao hausomi." Mwalimu hakukasirika. Aliweka rula chini akamwomba mzee amwonyeshe, na tangu siku hiyo wanakaa upande mmoja wa meza.

Alichotuonyesha mzee ndicho kiini cha ufundi huu. Wapenzi wa merikebu ndogo wa Ulaya na Marekani wengi huanza na mifupa: wanasimamisha mataruma juu ya mkuku, kisha wanayavika mbao. Umbo la chombo limeshaamuliwa kabla ubao wa kwanza haujawekwa. Mtepe huundwa kinyume cha hapo. Mkuku hulazwa, hanamu na fashini husimamishwa, kisha mbao hushonwa moja juu ya nyingine mpaka ganda litimie, na mataruma huingizwa baadaye na kufungwa ndani. Umbo linazaliwa kutoka kwenye ubao wenyewe, kwa jinsi unavyokubali kupinda. Usipouelewa mpangilio huu, utaunda kitu kinachofanana na mtepe kwa nje, na aliyezoea vyombo ataguna akikiona. Ndiyo maana mzee hakuturuhusu kufupisha njia. Mbao nyembamba za mwembe tulizoomba kwa mafundi seremala zililazwa majini usiku kucha, zikapitishwa juu ya mvuke wa sufuria, zikabanwa kwa vibanio vya nguo penye kombo hadi zikauke. Mataruma tuliyatafuta kwenye matawi ya mpera, kila kijiti kikichaguliwa kwa kombo lake la asili, kwa sababu waundaji wa vyombo vikubwa nao hutembea msituni wakitafuta mti uliokwisha kupinda wenyewe. Kijiti kilichokatwa kwa msumeno kufuata duara huvunjika penye nyuzi zilizokatwa. Kilichokua hivyo kina nguvu.

Kisha ukaja mshono, na hapo ndipo baraza lilipogeuka karakana. Kamba ya makumbi haikubali kupunguzwa. Unaweza kusokota nyuzi mbili tatu za makumbi, lakini kwenye chombo cha urefu wa mkono zitaonekana nene na zenye nywele. Kamba ambayo kwenye mtepe wa kweli ingekuwa na unene wa milimita 8, kwa kipimo chetu inatakiwa iwe na milimita 0.4. Tulijaribu uzi wa kushonea viatu, uzi wa nyavu, na mwishowe uzi wa pamba uliosokotwa upya, ukachovywa kwenye maji ya majani ya chai upate rangi ya makumbi, kisha ukapitishwa kwenye nta usitoe manyoya. Hiyo chai ilikuwa rai ya fundi saa, na sijaona rangi iliyokaribia zaidi.

Kupata uzi ni nusu ya kazi. Katika uundaji wa vyombo vya kushonwa, watu wawili hufanya kazi pamoja, mmoja ndani ya chombo na mwingine nje, wakipitishiana kamba na kuivuta kwa zamu. Kamba ikishakaza, kijiti cha mti hupigwa tunduni kuibana isirudi, na hicho hicho huziba maji. Nilikuwa nimesoma jambo hili kwenye makaratasi ya mwalimu nikalipita haraka, nikidhani ni habari ya chombo kikubwa tu. Mezani nililifahamu vizuri. Vidole vya mtu mmoja haviwezi kuvuta uzi kwa nguvu ile ile, kushika mbao mbili zikutane ukingo kwa ukingo, na kusukuma kijiti cha mwanzi tunduni kwa wakati mmoja. Lazima mwenzako awe upande wa pili. Basi tunaketi wawili wawili, chombo kikiwa katikati, mmoja akisema "vuta" na mwingine "shika", na unaanza kumjua mtu kwa namna anavyovuta. Fundi saa huvuta taratibu na kusimama pale pale, kila mara. Mzee huvuta mara moja, kwa mkato, na mshono wake hauhitaji kurudiwa.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tusipake gundi. Gundi inashika vizuri, na kwa mifano ya majahazi ya misumari mimi sina neno nayo. Kwa mtepe naikataa kabisa. Mfano wa mtepe uliogandishwa kwa gundi, kisha ukachorwa mishono kwa kalamu, unadanganya juu ya jambo lile lile lililoufanya mtepe kuwa mtepe. Mtoto atakayesimama mbele yake siku moja akiuangalia anastahili kuona kamba inayofanya kazi.

Tanga lilitusumbua kuliko tulivyotazamia. Majahazi tunayoyajua yana tanga la pembe tatu kwenye foromali iliyoinama, la kitambaa. La mtepe ni la mraba na ni la mkeka. Tulimpelekea Bi Mkubwa picha na vipimo, tukamwomba mkeka usiozidi ukubwa wa kitambaa cha kichwa. Aliupokea mchoro, akautazama kwa muda, akauliza, "Wanangu, ukili wake upana gani?" Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria upana wa ukili. Kwetu sisi mkeka ulikuwa mkeka. Yeye alijua kwamba mkeka hauanzi kama kitambaa kizima. Husukwa kwanza utepe mrefu, ndio ukili, kisha tepe hushonwa ubavu kwa ubavu, na kwenye mfano mdogo tepe zikiwa pana tanga litaonekana kama limepasuliwa vipande. Alipasua ukindu kwa kucha na ncha ya kisu hadi ukawa mwembamba kama uzi, akasuka ukili ambao ukiutazama bila lenzi huoni msuko. Ilimchukua muda mrefu, na hakukubali kuharakishwa. Alipotuletea, alikuwa ameongeza kitu tusichokiomba: upindo wa kamba kuzunguka ukingo wote, kwa sababu, alisema, tanga lisilo na upindo upepo utalichana. Mwalimu aliipindua michoro yake na akakiri kwa furaha kwamba hakuna mchoro uliomwonyesha jambo hilo waziwazi.

Nalileta hili kwa sababu kuna watu wanaodhani msaada wa wenzako katika kazi za mikono ni kutiana moyo tu. Kutiana moyo kupo, na ni kwema. Lakini Bi Mkubwa alileta maarifa. Mtepe ulipokuwa hai ulikusanya kazi za watu wengi: wakataji wa mbao, wasokotaji wa kamba, wasukaji wa matanga, wapaka rangi waliochora macho kwenye omo. Kumjumuisha msusi wa mikeka katika kuunda mtepe mdogo ni kumrudisha alipokuwa.

Nchi nyingine zina mila zao ndefu. Uingereza ilikuwa na mifano ya merikebu za kivita tangu karne ya 17, iliyochongwa kwa ustadi hata mbavu zikaachwa wazi zionekane, na Denmark makanisa mengi yana merikebu ndogo zilizotundikwa darini kama nadhiri za mabaharia. Marekani, chama cha Nautical Research Guild kimewaunganisha waundaji wa mifano tangu mwaka 1948. Huko mpenzi wa kazi hii anaweza kununua sanduku lenye mbao zilizokwisha kukatwa na kitabu cha maelekezo, akajifunza vyema. Mtepe hauna sanduku. Yeyote anayetaka kuuunda analazimika kutafuta watu.

Pia analazimika kwenda kutazama kuta. Peter na Margaret Garlake walichapisha mwaka 1964 utafiti wa michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu za majengo ya kale ya pwani hii, na ndani yake zipo meli zenye tanga la mraba. Mwalimu hupenda kutuonyesha nakala za michoro hiyo tukichoka. Mimi huitazama nikimfikiria aliyeshika ncha ya kisu ukutani: mtu aliyekijua chombo chake kiasi cha kukichora kwa mistari michache, akaonyesha kamba na mlingoti na kuacha mengine. Nadhani yeye ndiye mkubwa wetu katika ufundi huu.

Omo ndiyo sehemu tuliyoiacha mwisho. Mdomo wa mtepe ulirefuka mbele na juu, ukachongwa kichwa ambacho wasimulizi hukifananisha na cha ngamia, na wengine hukihusisha na ngamia wa Mtume. Macho huchorwa pande mbili. Mzee alikataa mtu yeyote achonge kichwa hicho kwa tupa. Alitaka tezo ndogo, akaitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno mbovu, na akachonga huku sote tumenyamaza. Rangi aliachiwa mjukuu wa fundi saa, msichana wa darasa la sita ambaye mkono wake hautetemeki.

Sasa meza ina mkuku mpya. Tumeanza dau la mtepe, ndugu wa mtepe aliyetofautiana naye hasa kwenye omo, na tayari mwalimu na mzee wameinama juu ya mchoro mmoja, kila mmoja na penseli yake, wakibishana kuhusu mwinamo wa hanamu. Bi Mkubwa ameshauliza upana wa ukili.