Krenki ya mraba yaingia barabara ya Kabambare

Hii krenki jamani, hii krenki! Nimeipokea ikiwa bado na grisi ya kiwandani, nikaipima uzito kwa kiganja, nikapitisha kidole kwenye kila kona, na fundi alikuwa hata hajamaliza kuifunga nilipojua kwamba hapa Kasongo mambo yanabadilika. Mikono miwili ya aluminiamu iliyofuliwa, milimita 170 kila mmoja. Gia tatu za mbele zenye meno 42, 34 na 24. Na pale tulipozoea kuona tundu la duara lenye kotapini iliyopigiliwa ubavuni, kuna tundu la pembe nne, limechongwa safi, linaloingia kwenye ekseli ya pembe nne kama kisu na ala yake. Hakuna kotapini. Hakuna nyundo. Boliti moja tu kila upande, na kazi imekwisha.

Msomaji wa kwenye lami anaweza kujiuliza kelele zote hizi ni za nini. Hapa kusini mwa Maniema baiskeli, kinga yetu, ndiyo lori. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 za udongo mwekundu, mawe, magogo juu ya vijito, na vilima ambavyo si virefu lakini haviishi. Mchele, mafuta ya mawese, karanga na muhogo vinakuja Kasongo; chumvi, sabuni na vitambaa vinarudi Kabambare, na vingine vinakwenda hadi Salamabila kwenye dhahabu ya Namoya. Bidoni moja ya mawese ya lita 20 ina kilo 18 hivi. Kinga yenye bidoni 6 imebeba kilo 108, na bado hujahesabu chakula cha mwenyewe, pampu na mkeka. Ni njia ya zamani hii. Misafara ya karne ya 19 ilipita humu ikitoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, pembe za ndovu zikiwa mabegani mwa watu, na msafiri Livingstone alikwama Kabambare mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu. Barabara iliyomshinda mtembezi yule ndiyo inayoijaribu krenki leo.

Tena inaijaribu kwa namna yake. Mwenye mzigo mkubwa hakanyagi, anasukuma: fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, na mwili mzima umeegemea kinga. Safari ya kurudi ndiyo anayopanda. Mzigo umepungua, mtu ana haraka ya kufika kwake, na kila mlima anausimamia juu ya pedeli kwa uzito wake wote. Mwenye kilo 70 akisimama hivyo anabonyeza pedeli kwa nyutoni 700 hivi, na akivuta usukani kwa mikono anaongeza. Nguvu hiyo yote inapita kwenye kiungo kimoja kidogo kati ya mkono wa krenki na ekseli. Ndipo palipotutesa miaka yote.

Kotapini tunaijua sote. Ni kijiti cha chuma laini chenye ubavu uliochongwa mteremko, kinapigwa nyundo kipenye kati ya mkono na ekseli, kisha kinakazwa kwa nati. Phoenix za Kichina na baiskeli za Kihindi zilizotulea zote zinakuja nayo, na heshima zake siziondoi: ni rahisi, kila soko linayo, na fundi mwenye tupa anaweza kuichonga ikae. Lakini sikiliza baiskeli zinazoingia Kasongo jioni. Tak. Tak. Tak. Kila mzunguko, mlio mmoja. Kotapini imelika ubavu, mkono unacheza, na kila mlima unaila zaidi. Ukitaka kuitoa ni nyundo tena, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye gololi za ekseli ya katikati na kuziachia alama kwenye vikombe vyake. Unatibu ugonjwa mmoja, unaanzisha mwingine.

Krenki ya mraba si uchawi wa jana. Stronglight ya Ufaransa iliitoa mwaka 1933, na waliobuni baiskeli za milimani kule California miaka ya 1970 waliitumia pia. Siri yake ni mteremko. Ncha ya ekseli inapungua unene kidogo kidogo kuelekea nje, boliti inausukuma mkono upande juu ya mteremko huo, na aluminiamu inatanuka kidogo na kuibana feleji pande zote nne kwa mara moja. Kiungo hakitegemei kijiti kinacholika. Kinategemea kubanwa, na kubanwa huko kukiwa sawasawa hakuna kinachocheza, na kisichocheza hakiliki.

Nikaipanda! Nimetoka nayo mjini upande wa mashariki, barabara ikiwa bado na unyevu wa mvua ya usiku, na kilima cha kwanza tu kikanifanya nipige kelele peke yangu. Kimya. Hakuna tak. Mguu unabonyeza, gurudumu linakwenda, na kati yao hakuna kinachopotea. Nilisimama juu ya pedeli, nikaishusha kwenye korongo la mawe, nikairudisha juu kwa hasira, nikaruka magogo, nikaitupa kona hadi pedeli ikakwaruza ardhi. Kimya vilevile. Niliposhuka na kuushika mkono wa kushoto kuutikisa kwa nguvu zangu zote, haukusogea hata unywele.

Na zile gia! Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wataziona ni anasa za vijana wa mjini, kumbe ndizo zinazoirefushia krenki maisha. Baiskeli ya kawaida ya gia moja, meno 44 mbele na 18 nyuma, gurudumu kubwa, inasogea mita 5 na zaidi kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Hii, ukiweka meno 24 mbele na 28 nyuma kwa gurudumu la inchi 26, inasogea kama mita 1 na sentimita 77. Kwa hiyo mlima uleule unaupanda kwa mizunguko karibu mara tatu, na kila mzunguko unadai kama theluthi tu ya nguvu. Metali ina uchovu wake. Haivunjiki kwa sababu imefanya kazi nyingi tu. Inavunjika zaidi kwa sababu ya ukubwa wa kila pigo, na ukipunguza pigo kidogo idadi ya mapigo inayoweza kuvumilia inapanda mara nyingi sana. Kijana anayepanda kilima cha Kabambare ameketi, miguu ikizunguka haraka kwenye gia ndogo, anailinda krenki yake kuliko anayesimama na kukanyaga kwa ubabe. Atafika na magoti yake pia.

Uimara wenyewe una kipimo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kinataka krenki ya baiskeli ya milimani ibonyezwe kwa nyutoni 1800, sawa na uzito wa kilo 183 hivi, mara 50,000, na isionyeshe ufa. Ya baiskeli ya mjini inabonyezwa kwa nyutoni 1300 mara 100,000. Kwa mwendo wa mizunguko 60 kwa dakika, mara 50,000 zinakwisha kwa saa 14 za kukanyaga. Zisikutishe saa hizo. Nyutoni 1800 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wa yule mtu wetu wa kilo 70 aliyesimama, na kwa mapigo madogo kuliko hayo krenki nzuri inaishi miaka. Ila tukumbuke kwamba aluminiamu haina msamaha wa feleji. Feleji ina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake inaweza kuvumilia bila mwisho. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila pigo linaandikwa. Ndiyo maana nataka mwenye krenki hii awe na macho.

Macho ya kuangalia wapi? Futa tope kwa kitambaa chenye maji, kausha, kisha tazama sehemu tatu: kuzunguka tundu la pedeli, kona za lile tundu la mraba, na pale mkono wa kulia unapokutana na miguu inayoshika gia. Pitisha ukucha. Mstari mwembamba mweusi unaorudi kila ukifuta si uchafu, ni ufa, na mkono wenye ufa haupandwi tena, hata kwa kwenda kisimani tu. Haulehemiwi pia. Joto la kulehemu linaondoa ugumu uliopatikana kiwandani, na utavunjika ukiwa umesimama juu yake.

Nina sababu nyingine ya kuipenda hii yenye mkono mzito usio na uwazi ndani. Mwezi wa 9 mwaka 2023 Shimano, jina kubwa kabisa katika kazi hii, ilitangaza ukaguzi wa krenki zake za baiskeli za barabarani zilizotengenezwa kati ya 2012 na 2019, zile za vipande viwili vilivyogundishwa ili ndani kuwe na uwazi na uzito upungue. Marekani peke yake zilikuwa kama 680,000, na visa zaidi ya 4,500 vya vipande kuachana vilikuwa vimeripotiwa. Krenki hizo zinafungwa kwenye baiskeli za bei ambayo hapa ingejenga nyumba. Mkono uliofuliwa wa kipande kimoja hauna gundi ya kuachia. Mtu wa Kabambare hahitaji kupunguza gramu 100 kwenye krenki huku nyuma amefunga mifuko miwili ya mchele.

Adui mkubwa wa krenki hii katika barabara yetu si kukanyaga, ni kuanguka. Kinga yenye kilo 150 ikilala ubavu, pedeli ndiyo inayotangulia ardhini. Mkono wa feleji wa zamani ulipinda na fundi akaunyoosha. Wa aluminiamu ukipinda usinyooshwe, maana kuurudisha ndiko kunakozaa ufa. Dawa yake ni spana moja ya 15: unapofunga mzigo wa kusukuma, toa pedeli zote mbili, zitie mfukoni, na miguu yako pia itapona kugongwa njia nzima. Kumbuka tu pedeli ya kushoto inakazwa kinyume. Anza kuizungusha kwa vidole mpaka iingie yenyewe kabla ya kuigusa na spana, kwa sababu thredi za aluminiamu zikiharibika zimeharibika.

Maji nayo. Ekseli ya katikati iliyokuja na krenki hii ni ya beringi zilizofungwa, na tope la kawaida haliziingii upesi. Ukivuka maji yanayofika juu ya pedeli, ukifika ng'ambo chomoa nguzo ya kiti na uigeuze baiskeli kichwa chini yatoke. Maji yaliyobaki ndani ya fremu ndiyo yanayoua beringi kimyakimya.

Na boliti. Ningeweza kuliandika neno hili kwa herufi kubwa ukurasa mzima. Krenki za mraba zinazokufa mapema bila kuanguka mara nyingi hufa kwa jambo moja: boliti ililegea, mwenyewe akaendelea kukanyaga, na feleji ya ekseli ikala pembe za aluminiamu mpaka tundu likawa duara. Likishafika hapo hakuna kuikaza kutakakolirudisha. Boliti inatakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 35 hadi 40, na kipimo chake kiko kila nyumba: chukua spana ya sentimita 20, ilaze mlalo kwenye boliti, ning'iniza kwenye ncha yake bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Boliti ikiacha kuzunguka chini ya uzito huo, imekaa. Kaza siku ya kufunga, kaza baada ya safari ya kwanza, kisha rudia kila unaporudi kutoka mbali. Ukisikia tak moja njiani, shuka papo hapo. Spana iwe mfukoni, isiwe nyumbani.

Hukumu yangu baada ya kuipanda ni hii: kwa mtu anayerudi Kabambare akikanyaga, sijaona krenki bora kuliko hii katika soko la Kasongo. Kwa anayesukuma tu kwenda na kurudi, asitupe pesa, kotapini inamtosha. Na kwenu wafanyabiashara mnaoleta vipuri kutoka Kalemie na Uvira, msilete krenki peke yake. Leteni boliti za akiba, na leteni pula ya kuitolea. Bila pula fundi atarudia nyundo, na nyundo itaiua. Pula moja ikiwa sokoni, mafundi wote wa Kasongo wataazimana.