Umekatika au Umekatwa? Tuhakiki Kiswahili cha Kufundishia Mitandao ya Kompyuta

Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu na wapenzi wa Kiswahili wamejadili istilahi za kompyuta. Mjadala uliovuma kuliko yote ni ule wa jina la mashine yenyewe: iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Semina ziliandaliwa, makala yakaandikwa, na kila upande ukabaki na neno lake. Katika makala haya mafupi hatukusudii kuufufua mjadala huo. Tunakusudia kuhakiki jambo ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa nyuma, nalo ni Kiswahili cha mtu anayefanya kazi hii kwa mikono: anayeunga nyaya, anayesanidi ruta na anayetafuta chanzo cha hitilafu pale mtandao unapogoma.

Hoja yetu ni moja. Orodha zetu za istilahi zimejaa nomino, ilhali kazi ya kutafuta hitilafu huendeshwa na vitenzi. Mwanafunzi anayejua majina ya vifaa vyote lakini hawezi kueleza kifaa kimefanya nini, kimefanywa nini, na kingefanya nini kama kingekuwa kizima, bado hajapewa lugha ya kazi.

Kwa nini Kisenyi?

Mfano wetu tunautoa Kisenyi, katikati ya jiji la Kampala, karibu na soko la Mtakatifu Balikuddembe ambalo wengi bado huliita Owino. Hapa pana kituo cha mabasi, mashine za kusaga mahindi, gereji, na jamii kubwa ya Wasomali. Luganda ndiyo lugha ya wengi. Hata hivyo, Msomali aliyepitia Kenya, mfanyabiashara kutoka Kongo na dereva wa masafa marefu wanapokutana dukani, mara nyingi daraja lao ni Kiswahili. Si Kiswahili cha mtihani. Upatanisho wa ngeli hupinda na msamiati huchanganywa, na walimu wengi tumezoea kukitaja kama mfano wa makosa tu.

Lakini katika maduka hayohayo ya intaneti, ya simu na ya kutuma fedha, kuna swichi iliyopigiliwa ukutani na nyaya zinazopita darini. Mtandao ukigoma, mwenye duka haiti mhandisi. Humwita kijana wa jirani, ambaye naye alijifunza kwa kumtazama mwenzake. Kijana huyo husema: "Waya ni mzima, taa inawaka, lakini ruta haijampa anwani." Tuitazame sentensi hiyo kwa makini. Ina nomino nne tu za kazi, na karibu zote ni za kukopa. Uzito wake umo katika "ni mzima", "inawaka" na "haijampa". Hapo ndipo penye utambuzi wa hitilafu.

Sifa na kasoro za kazi iliyokwisha kufanyika

Haitakuwa haki kuwalaumu waliotutangulia bila kuwapongeza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kampuni ya Microsoft nayo ikafuata kwa kutafsiri menyu za bidhaa zake. Kazi hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa kwenye skrini bila kuomba radhi.

Baadhi ya maneno yaliyoenea tangu miaka hiyo ni mafanikio ya kweli. Tuchukue "pakua" na "pakia". Anayepakua chakula hukitoa chunguni kukiweka sahanini, na anayepakua shehena huitoa chomboni kuileta nchi kavu. Kitenzi kilichokuwa tayari na kazi mikononi mwa watu kilipewa kazi mpya, na watu wakakipokea bila kusukumwa. Hali kadhalika neno "mkongo", ambalo Watanzania wamelizoea kutokana na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, limeshika kwa sababu watu waliona mitaro ikichimbwa na kitu hicho kikilazwa ardhini.

Kasoro ni kwamba tafsiri hizo zililenga mtu wa ofisini, yaani mwandishi wa barua na mpiga hesabu. Kilichopo nyuma ya ukuta, yaani nyaya, swichi na anwani, hakikupata msamiati uliopimwa kazini. Matokeo yake yanaonekana katika neno "mtandao" lenyewe. Neno hili tumelitwika mizigo minne. Ni kompyuta za dukani zilizounganishwa, ni kampuni ya simu ("Uko mtandao gani?"), ni mawimbi ya simu ("Hapa hakuna mtandao"), na ni intaneti nzima. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Lakini mteja akimwambia fundi "mtandao haupo", fundi hajaambiwa chochote. Waya wa dukani umechomoka? Kampuni inayouza huduma ina hitilafu? Au tatizo liko mbali zaidi, kwenye mkongo wa baharini? Uganda haina pwani, na sehemu kubwa ya mawasiliano yake na dunia hupitia Kenya hadi Mombasa, ambako mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tunapendekeza walimu watenganishe walau maneno matatu: "mtandao wa ndani" kwa nyaya na vifaa vya mahali pamoja, "mtoa huduma" kwa kampuni, na "intaneti" kwa dunia nzima iliyounganishwa.

Kuhusu "ruta" na "kipanga njia", hatuoni sababu ya ugomvi. "Kipanga njia" hueleza kifaa kinafanya nini, kwa hiyo lifae kufundishia siku ya kwanza. "Ruta" ni fupi na ndilo linalosemwa, kwa hiyo litumike kuanzia siku ya pili.

Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka

Sasa tuingie kwenye kiini cha uhakiki wetu. Kila mwalimu wa sarufi hufundisha tofauti ya "katwa" na "katika". Kauli ya kutendwa humwashiria mtendaji hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka huonyesha hali tu. Darasani tofauti hii hufundishwa kwa vikombe vilivyovunjika na kamba zilizokatika, na mwanafunzi huiona kuwa jambo la mtihani. Kwa fundi wa mitandao, hii ndiyo njia panda ya kwanza.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini, na huduma zikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. Hapo tunasema intaneti ilikatika. Tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza watoa huduma wafunge milango ya intaneti, na huduma haikurejea hadi siku kadhaa baadaye. Hapo intaneti ilikatwa. Kwa mwenye duka la Kisenyi dalili ni ileile: kurasa hazifunguki na fedha haziendi. Lakini kazi ya fundi si ileile. Anayesema "imekatika" atapanda darini kukagua nyaya, atabadilisha vichwa vya waya na kumtoza mteja bure. Anayejiuliza "au imekatwa?" atauliza majirani kwanza. Kiambishi kimoja kinaokoa siku nzima ya kazi.

Isitoshe, raia anayejua tofauti hiyo hawezi kudanganywa kwa urahisi. Mwenye mamlaka yoyote hupenda kauli ya kutendeka, kwa kuwa humwondoa mtendaji katika sentensi. Kuwafundisha wanafunzi wetu kuuliza "imekatwa na nani?" ni kuwafundisha sarufi, ufundi na uraia kwa pamoja.

Mifano mingine iko tele. Taa ya swichi "inawaka" inapotambua kwamba upande wa pili kuna kifaa, "inamemeta" data inapopita, na "imezimika" muungano usipokuwepo. Fundi akisema "taa ipo" hajasema kitu. Waya "umechomoka", "umelegea" au "umechomekwa siko": hayo ni matatizo matatu yenye dawa tatu. Hata ndani ya waya Kiswahili hakikosi la kusema. Waya wa kawaida wa mtandao una nyuzi nane katika jozi nne, na kila jozi imesokotwa ili kupunguza mwingiliano wa umeme kutoka kwa jozi nyingine na vifaa vya jirani. Kitenzi "sokota" ni cha wasuka kamba tangu enzi. Fundi anayesokotoa nyuzi kupita kiasi anapofunga kichwa cha waya huharibu kinga hiyo. Angalia: "sokota" na "sokotoa", yaani kutenda na kutendua, vimetosha kueleza kosa lote.

Ngazi ya hodi

Jambo la pili ambalo orodha zetu haziwezi kulibeba ni masharti. Kutafuta hitilafu ni kupanda ngazi ya "ikiwa". Fundi hutumia amri iitwayo ping, ambayo tungependa kuieleza darasani kama kupiga hodi. Kompyuta moja hubisha kwa nyingine na kungoja kuitikiwa.

Hatua zake ni hizi. Kwanza jipigie hodi mwenyewe kwa anwani 127.0.0.1. Usipoitikiwa, tatizo limo ndani ya kompyuta yako. Ukiitikiwa, angalia anwani uliyopewa. Ikianza na 169.254, aghalabu kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kuwa hakuna aliyeigawia, basi chunguza waya au ruta. Ikiwa anwani ni sahihi, bisha kwa ruta, ambayo ndiyo lango la kutokea. Ruta ikiitika, bisha kwa anwani ya nje kwa tarakimu. Ya nje ikiitika lakini jina la tovuti lisifunguke, seva ya majina ndiyo yenye kasoro. Na kama ilivyo mitaani kwetu, asiyeitikia hodi si lazima awe hayupo: zipo kompyuta zilizosanidiwa zisiitike.

Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba aya hiyo ni somo la -ki- na -sipo-. Ikiongezwa hoja ya fundi, "Kama ruta ingekuwa imekufa, kompyuta ya jirani isingepata anwani," tumefika kwenye -nge- na -singe-. Mwanafunzi anayeziona nyakati za masharti kuwa mateso ya ubaoni atazihitaji hapa ili afikiri.

Kasoro ya Kisenyi nayo isifichwe

Tusije tukaonekana kuwatukuza mafundi wa mitaani kupita kiasi. Udhaifu wao upo, na tiba kuu ni ileile: "zima, washa". Mara nyingi husaidia, lakini haimwambii mtu chanzo kilikuwa nini, na kesho tatizo hurudi. Ujuzi unaopitishwa kwa kutazama tu hubaki machoni mwa mtazamaji. Hauandikwi, haukosolewi, haurithishwi kwa asiyekuwepo. Kwa upande mwingine, mafunzo rasmi, kama yale ya Cisco Networking Academy ambayo Makerere imekuwa miongoni mwa vituo vyake, huandika na kupima kila hatua, lakini hapa kwetu hutolewa kwa Kiingereza. Kijana wa Kisomali au wa Kikongo mwenye mikono mizuri na Kiswahili kuliko Kiingereza hubaki mlangoni. Mmoja ana mazoezi bila maandishi, mwingine ana maandishi bila lugha ya mteja wake. Pengo hilo ni la walimu wa Kiswahili kuliziba.

Mapendekezo

Tunapendekeza mazoezi matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni zoezi la simu. Wanafunzi wawili wakae wakipeana mgongo; mmoja ana kompyuta na swichi, mwingine ana daftari tu. Wa pili amwongoze wa kwanza kutafuta hitilafu iliyopandwa na mwalimu, bila kugeuka. "Hiki" na "kile" havitamsaidia, hivyo atalazimika kutafuta kitenzi sahihi.

La pili ni shajara ya hitilafu. Kila kasoro iandikwe kwa sentensi nne: dalili ilikuwa nini, tulishuku nini, tulijaribu nini, kikapatikana nini. Pasipo na vifaa, programu ya kuigiza mitandao ya Packet Tracer itatosha.

La tatu ni kuwaalika mafundi wa Kisenyi darasani, si ili tuwasahihishe ngeli, bali tukusanye vitenzi vyao kabla hatujakaa vikaoni kubuni vyetu.

Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Maagizo hayo yanaweza kumfikisha mwanafunzi darasani. Hayawezi kumfanya aamini kwamba lugha hii itamsaidia kula. Imani hiyo itakuja atakapogundua kwamba kauli za vitenzi alizofundishwa Jumatatu zimemwezesha kuurudisha mtandao wa duka la mjomba wake Jumamosi. Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu walau zoezi la simu muhula huu, na kutuletea vitenzi watakavyovikusanya ili tuvichapishe katika kurasa hizi.